Sisimizi kwenye Mapazia ya Märta

Shehe Nasoro, mbavu zinaniuma kwa kucheka!

Torborg, jirani yetu mchoraji wa maua ya vitambaa, leo katundika mapazia mkahawani kwa Märta. Ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza. Alichora matawi ya beri, vile vitunda vya msituni, kwa mkono, akayaingiza kwenye kompyuta kwa skana, akayapanga yajirudie pasionekane kiungo, kisha yakachapwa kwenye kitambaa.

Nami nimemshikia ngazi. Ghafla akaganda. Sisimizi! Alifia kwenye kioo cha skana, Torborg akamdhania kikonyo, naye kajirudia na matawi dirisha zima. Sisimizi, Shehe, safu kwa safu!

Märta akavaa miwani, akasogelea pazia.

“We Torborg, mdudu gani huyu?”

“Wa... wa msituni,” akajibu kwa sauti ya mgonjwa.

“Mjanja wewe! Beri zisizo na sisimizi ni za dukani hizo. Nichoree na vitambaa vya meza!”

Subhanallah! Mdudu aliyemchekesha Nabii Suleiman kwa maneno yake ndiye kamwokoa Torborg.

Sasa hivi kapiga magoti jikoni kwetu, kamwaga sukari sakafuni, penseli mkononi, anamsubiri sisimizi mwingine ajitokeze achorwe.