Nimerudi Bila Naliaka

Woodbridge, Virginia
Februari 1999

Mama yangu mpendwa,

Barua zangu zote kwako huanza kwa kusema mimi sijambo, Baba Naliaka hajambo, na kazi inaendelea. Hii siwezi kuianza hivyo, nisije nikakudanganya kwenye mstari wa kwanza. Wewe hujambo? Lile goti limepungua kukusumbua? Wafula aliniambia kwenye simu kwamba mmeanza kutayarisha shamba na kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa. Nilifurahi kusikia, na nataka ujue nilifurahi, kwa sababu kuanzia hapa sina habari ya kufurahisha.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa najua ni mke wa Wafula atakayekusomea, na Kibukusu bado hajakizoea. Wifi yangu, soma polepole. Mama akikuambia usimame, simama.

Mama, unajua tayari kwamba mtoto wa Naliaka hakuishi. Wafula alikwambia wakati wa Krismasi, nami nilimwomba asikwambie zaidi kwa sababu mimi mwenyewe sikujua zaidi. Sasa najua. Nimetoka huko.

Unamkumbuka Tavita kwenye picha za harusi, yule kijana mnene, mpole, aliyekuwa askari kambini, karibu na hapa kwetu. Alipomaliza muda wake jeshini alitaka kurudi kwao, na Naliaka akakubali kumfuata. Kwao ni kisiwani, katikati ya bahari ya Pasifiki. Ni mbali na hapa kama mimi nilivyo mbali na wewe, ila ni upande mwingine wa dunia. Mji wao huandikwa Pago Pago, lakini wenyewe hutamka Pango Pango, na nilipofika niliona hilo ndilo jina lake hasa. Milima imeuzunguka, mawingu yamekaa juu yake kama paa, na ndani ni giza mchana kutwa, na mvua.

Aliyeniita ni mama yake Tavita. Hatukuwahi kuonana. Alipiga simu asubuhi moja nikivaa viatu kwenda kazini, kwa yule mzee ninayemhudumia. Kiingereza chake ni cha kuokoteza kama changu cha siku za kwanza.

"Mtoto wako hali," aliniambia. "Hasemi na mtu. Tumeomba, mchungaji ameomba. Njoo umchukue kabla hatujampoteza."

Nilivua viatu nikakaa chini. Baba Naliaka na mimi tusingeweza kuacha kazi wote wawili, kwa hiyo tukakubaliana niende mimi. Nikakata tiketi ya mtu mmoja kwenda na ya watu wawili kurudi. Nikaweka unga wa ugali kwenye sanduku, na ile leso yako ya kijani uliyomtumia alipomaliza shule.

Mama, nyinyi mliiona ile mvua ya El Nino ya mwaka juzi, mkajua mvua ni nini. Ya huko si kubwa kuliko ile, ila haina habari ya kukatika. Hunyesha, hupunguza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha hunyesha tena. Nguo hazikauki. Mkate huota ukungu kabla hujaumaliza. Maji huteremka milimani yakiwa na rangi ya chai, yakavuka barabara, yakaingia baharini, na ukisimama barazani husikii kitu kingine ila mabati. Upepo ukigeuka, harufu ya kiwanda cha samaki, ambako Tavita anafanya kazi, huingia mpaka kwenye mto wa kulalia.

Watu wa huko ni kama sisi kwa jambo moja. Huzika nyumbani. Ila wao huzika mbele ya nyumba kabisa, karibu na mlango, na watoto hucheza juu ya makaburi ya babu zao na hakuna anayewafukuza. Nilipofikishwa na Tavita kutoka uwanja wa ndege, niliona kaburi dogo kupita yote, udongo mbichi uliozungushiwa mawe meusi. Tavita alikuwa amelijengea kibanda cha nguzo nne na mabati mawili. Alingoja mvua ikatike amwage simenti. Chini ya mabati hayo kulikuwa na kiti cha plastiki, na kwenye kiti alikaa mwanangu.

Sikumjua, Mama. Nilidhani ni dada mkubwa wa Tavita. Mashavu yameingia ndani na nywele zimeshikana kichwani. Nilipofika karibu aliinua macho.

"Umekuja," alisema kwa Kiingereza, kama vile nilikuwa nimekwenda dukani.

"Nimekuja tuende nyumbani," nikamjibu kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyozoea kuongea, mimi kwa yangu na yeye kwa yake.

Akatikisa kichwa akaangalia udongo. Alisema, "Anaitwa Nafula. Nilimpa jina mwenyewe. Alizaliwa mvua ikinyesha, kwa hiyo ni Nafula, sivyo?"

Nikamwambia ndivyo. Alitamka jina vizuri kabisa, kama mtu aliyekulia kwetu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, akapumua asubuhi moja tu, akaacha. Wauguzi walilia naye. Hakuna wa kumlaumu, na nadhani hilo ndilo linalomla zaidi.

Siku za kwanza sikumsemesha sana. Nilimwogesha kama mtoto mdogo, nikamsuka nywele, nikamfunga leso yako. Mama Tavita aliniachia jiko lake bila neno. Yeye ni mwanamke mkubwa wa mwili, anatembea kwa taabu, na kila jioni kengele ya kijiji ikigongwa, nayo ni mtungi wa gesi uliotundikwa kwenye mti, hukusanya nyumba nzima wakaimba na kusali. Naliaka hakuingia kusali. Alibaki nje na kiti chake. Nilipopika ugali kwa mara ya kwanza alikula matonge mawili na mchuzi wa samaki. Mama Tavita alisimama mlangoni akimtazama akitafuna, akafunika uso kwa mikono.

Tavita alirudi kutoka kiwandani siku hiyo akasikia kwamba mkewe amekula. Akaja kukaa karibu nami barazani.

"Mchukue, Mama," alisema. "Mimi siwezi kumsaidia. Ananiangalia anamwona mtoto. Nitamaliza kaburi, nitafanya kazi kidogo, kisha nimfuate."

"Na wewe je?" nilimuuliza, maana naye amefiwa.

Aliinuka kwenda kumshikia Naliaka mwavuli.

Ni Tavita aliyemshawishi, si mimi. Sikusikia walichoambiana pale kibandani, nilimwona tu amepiga magoti kwenye matope. Asubuhi yake Naliaka aliniambia, "Sawa. Nitaenda nawe." Mama, nilikwenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu kwa sauti, mvua ikininyeshea, sikujali.

Siku ya safari tulimfungia nguo. Mama Tavita alimvika shada la maua shingoni, ndiyo desturi yao ya kuaga mtu. Naliaka alikwenda kaburini, akaokota jani lililoangukia mawe, akalitia mfukoni, akaingia garini mwenyewe. Sikumsukuma. Nakuapia sikumsukuma. Njiani alilaza kichwa begani kwangu, akaniuliza kama chumba chake bado kina kile kitanda. Nikamwambia baba yake ameshakitandika.

Uwanjani tulipima mizigo, tukapewa karatasi za kuingilia, tukakaa. Upepo ukaanza. Ndege ilitakiwa kutua kwanza ndipo ituchukue, kwa maana ndege huja huko siku chache tu kwa wiki. Tukaisikia. Watu wote mle ndani wakanyamaza kuisikiliza ikinguruma juu ya mawingu, ikaenda upande wa bahari, ikarudi, ikaenda tena. Hatukuiona hata taa. Kisha mlio ukapungua, ukapungua, ukawa mvua tu. Mfanyakazi mmoja akatutangazia kwamba rubani ameshindwa kuona njia ya kutua, amekwenda kisiwa kingine, turudi nyumbani tungoje ndege ijayo.

Kama ndege ile ingetua, Mama, leo ungekuwa unasomewa barua nyingine kabisa.

Tulirudi jioni kukiwa bado na mwanga. Tangu barabarani niliona kibanda hakipo. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati na kuyatupa kwenye migomba ya jirani. Maji ya mlimani yalikuwa yamekata njia mpya katikati ya ua, na udongo wa kaburi, kwa kuwa haukuwa na simenti, ulikuwa umetitia. Maji yamesimama pale kama kwenye karai. Mama Tavita na wanawe walikuwa wamepiga magoti wakiyachota kwa sufuria.

Naliaka alishuka kabla gari halijasimama. Hakulia. Alipiga magoti akaanza kuchota kwa mikono, na shada la maua bado liko shingoni. Sote tulichota. Tavita alichimba mfereji kugeuza maji, akaleta mawe, akaleta udongo kwa toroli, na mvua ikatuangukia wote mpaka tukafanana. Tulipomaliza, Naliaka alinigeukia. Maneno aliyoniambia nakuandikia kama yalivyo, nimeyageuza Kiswahili tu.

"Nimetoka mara moja, Mama. Mara moja tu. Ona."

Nilimwambia ni mvua, ingenyesha hata angekuwa amekaa pale. Nilimwambia mtoto hasikii baridi. Nilisema yote ambayo mtu husema. Tangu jioni ile hakula tena chakula changu. Ndege nyingine ilikuja, ikatua vizuri tu, jua likiwa limetoka kidogo, nami nikaiacha iondoke bila sisi kwa sababu hakukubali kusimama. Ikaja nyingine. Mwisho aliniita.

"Nenda nyumbani," aliniambia. "Ukiniangalia hivyo siwezi kupumua."

"Niko tayari kukaa. Kazi nitapata nyingine."

"Najua. Ndiyo sababu nakuambia uende."

Mama Tavita alinishika mkono akaniambia, "Nenda. Mimi niko." Mwanamke yule nampenda, na bado maneno yake yalinikata. Niliondoka. Naliaka alinipungia mkono kutoka kwenye kiti chake. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema kumtii au nilimtupa.

Baba Naliaka alikuja kutupokea uwanja wa ndege. Huku ni baridi ya kuvunja mifupa, na alikuwa amebeba lile koti zito la Naliaka mikononi ili alivae atokapo. Sikuwa nimemwambia. Nilishindwa kumwambia kwenye simu. Alinitazama, akatazama nyuma yangu mlango ukifunguka na kujifunga, watu wengine wakitoka. Aliendelea kutazama hata watu walipokwisha. Kisha akalilaza koti kwenye kiti cha nyuma cha gari, akalikunja mikono vizuri, tukaendesha mpaka Woodbridge. Tangu siku hiyo analala kwenye chumba cha Naliaka, juu ya kitanda alichokitandika.

Nilipiga simu Jumapili. Mama Tavita alisema anakunywa maji ya dafu tu, na wakati mwingine hata hayo huyakataa. Alimpelekea simu mpaka kibandani, maana Tavita amekisimamisha tena. Nilisikia mvua kwenye waya, nilisikia mtu anapumua, nikaita jina lake mpaka yule mama akaichukua tena. Siku iliyofuata laini zilikatika kwa tufani. Najaribu asubuhi kabla ya kazi na nikirudi, sauti inaniambia hakuna njia. Nikimlisha yule mzee wangu uji, naye hataki, natamani kupiga kelele, kwa sababu yeye naweza kumbembeleza akameza, na wangu yuko ng'ambo ya bahari hana wa kumfungulia mdomo.

Nisalimie Wafula na umwambie asante kwa kunibebea habari ngumu. Salamu kwa shangazi wa chini ya kilima, kwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha kusoma, na kwa akina mama wa kanisa, waambie waombe wakimtaja Naliaka kwa jina. Watoto wa Wafula wabusu kila mmoja.

Nimeshasalimia watu wote na bado sijasema jambo lililonifanya nichukue kalamu. Nimekuwa nikiliogopa.

Mama, ulizika watoto wawili kabla mimi sijazaliwa. Mimi nilikuta miti miwili imepandwa kule nyuma ya ghala, nikaambiwa tusiikate, basi. Hujawahi kutueleza na mimi sijawahi kukuuliza, kwa kuwa nilikuona siku zote unalima, unacheka, unatugombeza, nikadhani mambo hayo yalipita yenyewe. Sasa najua hayapiti yenyewe. Kuna siku uliinuka pale chini. Kuna siku ulikula chakula mara ya kwanza, ulishika jembe mara ya kwanza, na pengine mvua ilikuwa inanyesha juu yao nawe uko ndani ya nyumba, ukalala.

Mwambie Wafula anunue kaseti tupu, aiweke kwenye redio yake, kisha atoke, wote watoke, ubaki peke yako. Ongea na mjukuu wako. Sema kwa Kibukusu au kwa Kiswahili, anaelewa vyote. Usimwambie awe na nguvu, hayo nimeshamwambia. Mwambie ulifanyaje. Kama ulimkasirikia Mungu, mwambie. Kama kuna mtu alikuinua kwa kukushika mkono, mtaje. Mimi hanisikii tena, lakini wewe ni kukhu wake, na sauti yako hajaisikia tangu alipokuwa mdogo. Mama Tavita ataicheza pale pale alipokaa.

Nitakuandikia anwani yao nyuma ya karatasi hii. Usingoje kuitumia kwangu kwanza, tuma moja kwa moja. Na kama kaseti itabaki na nafasi, Mama, upande wa pili niambie mimi.

Nakushika miguu,
Binti yako,
Mama Naliaka