Gari Lililotunzwa

Kaka,

Huku tuliobaki ni wazima, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Umeuliza gari lako litauzwa bei gani. Nilimleta dalali, akafunua turubai, akaangalia kilomita, akacheka.

"Dada, gari kukaa tu ndiko kunakolimaliza. Matairi yamepasuka, panya wametafuna nyaya. Mngelitembeza kidogo kidogo na kubadilisha oili, lingeshika bei. Sasa hili ni la vipuri tu."

Nikamwambia mwenyewe alikataza, eti kila kilomita inakula thamani yake.

Siku mama alipozidiwa nilikupigia simu nikiwa na funguo mkononi. Ukasema, "Tafuteni pikipiki, hospitali si mbali." Tukaenda, mvua inatupiga, mama nimempakata katikati yangu na dereva. Njiani akaacha kukohoa. Nikashukuru Mungu, nikidhani amepata nafuu.

Dalali anarudi Jumatatu, na bei yoyote atakayotaja nitaikubali. Usinipigie kubishana. Mimi thamani ya gari lako niliiona ikiisha siku ile, likiwa limesimama pale pale chini ya turubai, safi, halina hata tone la matope.

Mdogo wako uliyemwachia funguo.