Kuku Iko Nyuma ya Jiko

Baba Arlette,

Siye tumeenda ku parke ya nyama, vile uliahidia batoto. Bidon yote ya maji nimebeba, kule ni vumbi na majani makavu tu. Maji ya kupikia utateka ku robinet.

Leo asubui noko yako Néhémie, ndugu ya mama yako, alifika bila kutuambia, ukasema mbele ya batoto: «Kuko mugeni, safari imekufa.» Kisha ukatoka kutafuta mafuta ya kukaanga kuku. Kila mara ni vile! Mugeni wako anafika, miye njo nabakia mu moshi.

Delphin wetu alilia sana. Noko akauliza iko nini, nikamuambia. Akacheka: «Mama, hata miye sijaona tembo. Nani aliniuliza?»

Basi amepanda mu gari, mbele, ku kiti yako.

~~Tutakungojea mu njia, pale Komanda.~~ Hapana, hatungojee mutu.

Kuku ile nimeifunga nyuma ya jiko. Chinja weye mwenyewe, toa manyoya yote, uikaange, ukoroge na bugali. Mangaribi tutarudi na njaa, na desturi ya kwenu unaijua: mugeni akute chakula tayari.

Firigisi, ile munasema ni ya wanaume tu, usiiguse. Noko mwenyewe amesema leo ni yangu miye.

Mama Arlette