Uji Uliouagiza kwa Simu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Kazi na baridi ya huko vipi? Sisi hatujambo, kwa rehema za Mungu, si kwa msaada wako.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, unasema tu. Barua huwezi kuikatiza.

Unajua kwamba tangu apate kiharusi, Mama hawezi kumeza. Daktari alitueleza vizuri: mrija wa puani ni wa muda tu, unamchubua na kila mara anaung'oa. Akitobolewa tundu dogo tumboni na kuwekewa mrija hapo, atalishwa hata miaka. Mjomba akasema tusubiri neno lako, eti wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Nyumba ipi? Hata rangi ya mlango wake huijui siku hizi!

Nawe ukasema Mama hatobolewi kama gunia. Ukataka tukuonyeshe kwenye simu akila. Mama mdogo, kwa kukuogopa, akampa vijiko vya uji. Mama akakohoa mpaka macho yakamtoka, wewe ukapiga makofi: "Si huyo anakula!"

Ule uji haukwenda tumboni, bwana mkubwa. Uliingia kwenye mapafu. Wiki nzima alikuwa akihema kwa mashine, nami pembeni yake nikikulaani. Sioni haya kukuambia.

Alipopata nafuu, daktari alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: alimuuliza Mama mwenyewe. Alimwonyesha mrija. Mama akauchukua kwa mkono wake mmoja mzima, akauweka juu ya tumbo, akaushikilia. Mjomba akaanza, "Lakini mwanao..." Mama akamtolea jicho. Mjomba akanywea.

Basi ametobolewa, bila ruhusa yako. Namlisha mwenyewe, nimemwinua kichwa, taratibu, kisha nasafisha mrija kwa maji. Mashavu yameanza kurudi. Juzi alinicheka nilipojimwagia maziwa.

Mjomba anakusalimu, kwa aibu. Mama mdogo hajatuma salamu, bado analia kila akiona kijiko. Mungu akulinde huko uliko, maana mimi nikikutia mkononi hutalindika.

Salamu za Mama pia hazimo. Jana ulipopiga simu nilimwekea sikioni, akakusikiliza ukifoka nani aliruhusu. Kisha akailaza simu kifudifudi kitandani, ungali unasema, akanionyesha tumbo lake nimpe chakula.

Dada yako akupendaye, ila si leo.