Bosi Kaucheza Wimbo wa Punda

Mwenzangu, nimetoka kiwandani na hasira.

Unaukumbuka ule wimbo wangu wa punda, niliotunga tuliponyimwa likizo? Leo kwenye sherehe ya kiwanda nimeuimba mbele ya bosi mwenyewe. "Punda wetu hachoki, mwongezeeni mzigo."

Akacheza. Yaani bosi akacheza, mwenzangu.

Kabla sijafika ubeti wa mwisho akaninyang'anya maikrofoni. Eti, "Huyu dada anajua kuisifu kazi. Kuanzia kesho mtauimba kila asubuhi kabla ya kuwasha cherehani."

Kuisifu kazi. Na mafundi wale wale waliolia nilipowaimbia chooni, wakampigia makofi.

Haya. Kesho tutauimba. Ila tutaanzia ubeti wa mwisho, pale punda anapomvunja meno mwenye mzigo.