Gari Halipandi Ngazi

Jumatatu, 3 Machi

Waraka mpya umebandikwa ukutani, juu kabisa ya simu yangu, nisije nikapata kisingizio. Jengo la ghorofa tatu na kuendelea likiwaka: magari manne. Zamani tulipeleka mawili. Mkuu wa kituo ameusoma kwa sauti kama anatangaza matokeo ya mtihani, mpiga picha akimzunguka. Makofi!

Nikauliza zimamoto wapya wanaanza lini. Akasema watu ni walewale. Yaani zamu ina wanane. Wanane kwenye magari mawili ni wanne wanne. Wanane kwenye manne ni wawili wawili, na mmoja kati yao ni dereva, haruhusiwi kuiacha pampu ya maji. Hata mtoto wa chekechea anaiweza hesabu hii. Nikamwambia. Akacheka, akasema, mama, kazi yako wewe ni simu.

Simu! Miaka kumi na minne nimekaa kwenye kiti hiki.

Shemeji ananishauri nipunguze mdomo. Ni mdogo wa mume wangu, zimamoto wa zamu yangu. Anasema waraka huja na kwenda. Kwake kila kitu ni sawa tu, ndiyo maana hana hata mvi moja. Mimi nywele zimeanza kuniaga.

Alhamisi, 6 Machi

Sina hamu ya kula. Niandike tu.

Saa tano asubuhi, jengo la mafundi cherehani. Ghorofa nne, moshi unatoka ya pili. Nikatuma magari manne, kama waraka unavyotaka. Ving'ora vinne, shamrashamra. Matatu yakanasa kwenye foleni. La Shemeji likakata njia ya nyuma ya soko, likafika peke yake. Yeye na dereva.

Kanuni ya kuingia kwenye moshi haina mjadala: wawili ndani, wawili nje. Shemeji alikuwa mmoja. Juu kuna mtu anagonga dirisha. Dereva anasema walisubiri wenzao dakika nne, labda tano. Gonga, gonga — kisha kimya. Shemeji akavaa mtungi wa hewa akaingia.

Akamtoa fundi mmoja, mama mtu mzima, akiwa hai. Akarudi kwa wa pili, akaanguka kwenye ngazi. Waliomtoa ni wa gari la pili. Yule mwingine, mpiga pasi, hakuwahiwa.

Jioni Mkuu yuko redioni. Magari manne! Amelitaja hilo manne mara tatu. Wawili wawili hakulitaja. Nikaizima redio kwa ngumi. Mume wangu akaniangalia, akainuka kwenda hospitali kwa mdogo wake.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji karudi nyumbani, anakohoa makohozi meusi. Barua imemtangulia. Amesimamishwa kazi kwa kuingia peke yake. Kikao cha nidhamu Jumatano. Anaweza kufukuzwa.

Mama mkwe kasomewa ile barua, kisha kauliza: hao walioiandika walikuwa wapi wakati mtu anagonga dirisha? Leo nampenda yule mama. Kesho sijui.

Jumatano, 12 Machi

Kikao. Meza ndefu, chupa za maji upande wao, sisi makoo makavu. Nikaitwa kama shahidi. Nikasema walikuwa wanane, tukawatawanya, ndiyo maana alijikuta peke yake.

Mwenyekiti hata macho hakuinua. Waraka unasema magari mangapi? Manne. Ulituma mangapi? Manne. Basi yalitosha, akasema, akaandika.

Nikamwambia gari halipandi ngazi! Akaniambia nishushe sauti.

Halafu akauliza swali moja la maana kwa siku nzima. Kama nilijua watu hawatoshi, mbona sikuomba msaada kituo jirani? Fomu ya kuomba msaada inauliza ni magari mangapi yamepungua, na magari hayakupungua. Hilo ndilo jibu langu, na niliona aibu kulitoa. Nilijua tangu siku ya waraka. Nikapiga kelele weee, kisha siku ilipofika nikabonyeza vitufe vinne kama nilivyoagizwa. Wiki nzima nimemkasirikia Mkuu. Leo nimejikasirikia mimi zaidi, na mpiga pasi haamki kwa hasira zangu.

Uamuzi wiki ijayo.

Tukishuka, Shemeji akasimama kukohoa, kashika ukuta. Akasema bila hata kukasirika, na hapo ndipo aliponimaliza: shemeji, ungetuma mawili yaliyojaa, ningeingia na mwenzangu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa stoo, nimekalia ndoo. Nina hasira. Na woga pia, nisijidanganye.

Saa nane mchana. Hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, ghorofa tano, moto umeanzia jikoni chini. Mkuu yuko nyuma ya kiti changu, ameleta wageni kuona chumba cha simu. Manne, akasema, hata sijamaliza kuandika anwani. Zamu sasa ni watu saba, pengo la Shemeji halijazibwa. Maana yake gari la nne liende na dereva peke yake, kama anakwenda kununua mkate!

Nikafungua kipaza sauti. Nikasema: gari la kwanza na la pili. Wote saba mpande hayo. La tatu na la nne yabaki. Milango ikafunguka, buti zikakimbia uani, watu wanahama. Nikapiga kituo jirani. Nipeni magari mawili, kila moja watu wanne, fomu nitajaza baadaye.

Mbele ya wageni Mkuu hakufoka. Aliinama sikioni akasema, toka. Akanivua kadi shingoni kwa mkono wake, akamkalisha mwenzangu wa zamu ya jioni, aliyekuwa kawahi kazini.

Dirishani nayaona yale mawili yaliyobaki. Yameoshwa, yanang'aa, hayana mtu. Akifa mtu leo, picha itakayotoka ni hiyo. Wataniuliza kwa nini niliacha magari uani, na watakuwa na haki ya kuuliza. Kutoka kituo jirani ni dakika kumi na tano, foleni ikiruhusu. Zimepita tisa.

Ukuta kati ya stoo na chumba cha simu ni mwembamba, nasikia yote. Mkuu yuko kwenye simu anamwambia mtu kwamba manne yako njiani. Manne! Mawili hata si yake.

Redio ya mawasiliano: wamefika. Moshi mpaka ghorofa ya tatu. Wanaingia.

Sasa mwenzangu anaita. Hakuuliza magari. Anauliza, mlioingia mko wangapi? Redio inakwaruza. Anauliza tena. Mkuu naye kakata simu yake. Bado hawajajibu.