Mbolea ya Baba kwenye Mawaridi ya Mama

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Habari za huko na za kazi? Wifi hajambo? Na yule mdogo, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili, ila situlii. Tangu niandike tarehe hapo juu nimeshainuka kuangalia simu, nikainuka tena kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa. Nivumilie mwandiko.

Nianze na Mama, maana najua macho yako yanamtafuta. Upasuaji wa nyonga ulikwenda vizuri, homa hana. Kilichotutesa ni chakula. Sahani ikiletwa anageukia ukutani. Muuguzi alinivuta pembeni akaniambia mgonjwa asiyekula hata mfupa wake hauna cha kuungia. Nilirudi nyumbani siku hiyo sijui nimepita njia gani.

Baba naye hakuwa anakwenda wodini. Alikwenda mara moja tu, akamwona na mirija mikononi, akasema anatoka kidogo akanywe maji. Hakurudi. Baada ya hapo kila nikimwambia twende, ana shughuli bustanini. Unamjua, tangu afunge kibanda chake cha ushonaji mikono yake haijui ikae wapi. Akaapa kwamba Mama akirudi atakuta mawaridi yamechanua mpaka barazani.

Nami sikuyatazama. Asubuhi kazini, jioni hospitali, narudi giza limeingia. Jana Jumamosi ndipo nilipotoka uani mchana, nikasimama nimeshika kiuno. Majani yote yameungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Machipukizi yameinama. Kwenye mashina, punje nyeupe za mbolea ya dukani zimerundikwa kama chumvi, na juu yake samadi mbichi ya kuku, inanuka mpaka kwa jirani. Udongo mkavu, jua la utosi. Baba amechuchumaa na kopo, anaongeza.

"Baba, unafanya nini?"

"Yana njaa," akasema bila kuinua kichwa. "Huoni yanavyonyauka? Kila nikiyapa yanazidi kudhoofu, nami nazidi kuyapa."

Nilimnyang'anya kopo, Kaka. Hakukasirika. Alijipangusa mikono kwenye suruali akasema, "Usimwambie mama yako."

Jioni Mama akauliza, "Maua yangu vipi?" Nilichelewa kujibu, basi ikatosha. Akaniuliza majani yana rangi gani. Nikasema kahawia, pembeni.

"Kaweka mbolea juu ya shina?"

"Ndiyo, Mama."

"Udongo mkavu? Na samadi haijaoza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilijiandaa kwa machozi. Badala yake akaanza kucheka, akajishika ubavu, akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka naye bila kujua kisa. Kisha akaanza kuniagiza kwa ile sauti yake ya nyumbani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu aanguke. Tuzoe punje zote na samadi yote. Tumwagilie maji mengi, yazame, tuache, tumwagilie tena, ili chumvi ya mbolea ishuke chini ya mizizi. Tukate yaliyokauka tu. Tusiweke mbolea yoyote mpaka majani mapya yatoke, maana mmea unaoumwa haulazimishwi kula.

Kisha akaongeza, "Na mwambie baba yako, kama anatafuta wa kumlisha, mimi nipo hapa."

Nilimfikishia maneno yalivyo. Leo alfajiri nikamkuta ameshaanza kuzoa. Tulifanya kazi pamoja, yeye na jembe dogo, mimi na mpira wa maji. Katikati ya kazi akasema, kama anauambia udongo, "Siogopi hospitali. Naogopa akinitazama, ajue kwamba nimeogopa."

Nikamwambia kwamba Mama anajua tangu siku ile ya maji ya kunywa.

Akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akabeba supu kwenye chupa ya chai. Mimi nilibaki mlangoni mwa wodi. Alikoroga ile supu mpaka nadhani ilipoa kabisa. Kijiko cha kwanza kikamwagikia shuka.

"Taratibu, mzee," Mama akasema. "Usinirundikie kama mawaridi."

Akala, Kaka. Bakuli likaisha, akaomba jingine.

Mashina mawili ya ukutani hayatapona, hayo tumeyang'oa. Mengine tunayangoja. Mwambie wifi, kwa vile ana vyungu dirishani: alowanishe udongo kwanza, mbolea iwe kidogo, aizungushe mbali na shina, kisha anyunyize maji tena, jua likiwa limepoa. Samadi asiitie mpaka iwe nyeusi na isiwe na harufu. Na akiona majani yanastawi sana lakini maua hakuna, apunguze mbolea ya kukuzia majani.

Kesho asubuhi watamsimamisha Mama kwa mara ya kwanza. Daktari hakuahidi chochote, alisema tu tuone. Ndiyo maana kalamu inanitoroka. Wewe piga simu mchana, hata kama uko kazini, tafadhali.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto, na Shangazi akipita kwenu mwambie namkumbuka. Mungu awafunike huko mliko na atukutanishe tukiwa wote tunatembea.

Nimekatizwa kidogo. Baba alikuwa amekwenda kumtafutia Mama viatu vya kusimamia, vya soli bapa. Karudi mikono mitupu, hajui mguu wa mkewe ni namba ngapi, miaka yote hii. Nilimtajia namba. Hakunisikia, alishageuka, anarudi hospitali kumuuliza mwenyewe. Saa ya kuwaona wagonjwa imepita. Ataingia tu.

Akupendaye kila siku,
mdogo wako, Kitindamimba